Usingizi wa pono: kuifanya prosesa ya seva ya nyumbani ile umeme kidogo

Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ina kitaa kidogo chekundu kinachomulika kila umeme unapopita. Karibu na kitaa hicho pamechapwa idadi ya mimuliko inayokamilisha uniti moja. Kwenye mita yangu ni 1000, kwa hiyo mmuliko mmoja ni wati-saa moja. Usiku mmoja, saa nane, nilizima friji, feni, televisheni na taa zote, nikaacha kitu kimoja tu: kompyuta iliyo chini ya meza sebuleni, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Nikasimama mbele ya mita na simu mkononi nikihesabu. Kati ya mmuliko na mmuliko zilipita sekunde 40. Ukigawa 3600 kwa 40 unapata 90. Watu wote wamelala, hakuna anayetazama filamu wala kupakia picha, na kompyuta inakula wati 90 kwa kusubiri tu.

Kompyuta hiyo ni seva ya nyumbani. Inaendesha Proxmox, mfumo uliotengenezwa Vienna, Austria, juu ya msingi wa Debian (aina ya Linux), ambao unaigawa mashine moja kuwa mashine pepe kadhaa. Moja inatunza picha za familia, nyingine inachuja matangazo ya mtandaoni, nyingine inasimamia kamera na taa, na ipo ya Windows kwa ajili ya hesabu za duka. Ni mpango mzuri: badala ya kununua kompyuta nne, unanunua moja na kuigawa. Ila hiyo moja haipumziki hata siku moja.

Wati 90 kwa saa 24 kwa siku 30 ni karibu uniti 65. Kwa bei iliyoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, kisha kila uniti inayozidi ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Angalia maana yake: seva peke yake inakaribia kumaliza uniti zote za bei nafuu kabla friji haijawashwa. Kwenye kundi la T1, la matumizi ya kawaida, bei ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA unafika kama shilingi 356. Hapo seva ya wati 90 inakula zaidi ya shilingi 23,000 kila mwezi. Mimi nimeikariri hesabu moja inayonisaidia kuamua kila jambo: wati moja isiyozimwa mwaka mzima ni uniti 8.76, yaani shilingi 3,100 hivi. Ukiniambia kifaa fulani kinapunguza wati tano, najua papo hapo thamani yake.

Wengi wakishaona hesabu hiyo hukimbilia jambo moja: kuipunguzia prosesa kasi. Nami nilianza hivyo. Nikaibana isivuke kasi ya chini kabisa, nikarudi kwenye mita, na mmuliko ulikuja kwa sekunde zilezile 40. Kilichobadilika ni kwamba picha zilichukua muda mrefu kufunguka. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na nilipoelewa nikaona ndilo jambo lenyewe linalohitaji kuelezwa. Prosesa ya seva ya nyumbani haiokoi umeme kwa kwenda polepole. Inaokoa kwa kulala, tena kulala usingizi mzito, mrefu, usiokatizwa. Watu wa pwani wanauita usingizi wa pono, samaki anayesifika kwa kulala. Kazi ya mwenye seva ni kumtafuta anayeiamsha.

Kwa nini kasi si tatizo

Ndani ya prosesa kuna mabilioni ya transista, na kila moja inapobadilika kutoka zima kwenda washa inajaza na kumwaga chaji kidogo ya umeme. Umeme unaotumika kwa njia hii unafuata vitu viwili: kasi ya kubadilika, na volti ikizidishwa kwa yenyewe. Volti ndiyo yenye uzito. Ukiishusha kutoka 1.2 mpaka 0.8, matumizi yanabaki asilimia 44. Ukipunguza na kasi kwa nusu, yanabaki asilimia 22. Kwa hiyo wanaosema kasi ndogo inaokoa umeme hawajakosea kuhusu fizikia. Wamekosea kuhusu seva ya nyumbani.

Hesabu ile inahusu prosesa iliyo kazini. Seva ya nyumbani haiko kazini. Fungua takwimu zake saa yoyote ya usiku, utakuta asilimia mbili, asilimia tatu. Na ikishakosa kazi, hujishusha yenyewe mpaka kasi ya chini bila kuambiwa. Kuibana kunakuwa sawa na kumwambia mtu aliyekaa asikimbie.

Kinachobaki ni umeme unaovuja. Transista za leo ni ndogo mno kiasi kwamba hata zikiwa zimetulia kabisa, umeme unapenya. Huwezi kuzuia mvujo huo kwa kupunguza kasi. Unauzuia kwa kukata umeme wa sehemu nzima ya prosesa. Kukata huko ndiko kulala.

Watengenezaji wameupanga usingizi kwa ngazi, na kila ngazi ina herufi C na namba. C0 ni macho kabisa. C1 ni kusinzia: saa ya kiini, yaani moja ya sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja peke yake, imesimama, lakini volti bado ipo. Kwenye C6 kiini kinaandika hali yake mahali pengine, kisha kinakatiwa umeme. Chini zaidi, mpaka C10 kwenye prosesa nyingi za Intel, hata sehemu zinazotumiwa na viini vyote kwa pamoja huzimwa.

Ngazi za chini zina gharama ya muda. Kerneli ya Linux, sehemu ya mfumo inayosimamia prosesa na vifaa, ina jedwali la kizazi cha Skylake, kile cha mwaka 2015 ambacho kimejaa kwenye kompyuta za ofisi zinazouzwa mitumba, na namba zake zinasema mengi. Kutoka C1 unaamka kwa maikrosekunde 2. Kutoka C6, maikrosekunde 85. Kutoka C10, maikrosekunde 890. Tena jedwali linasema C10 haina faida kama prosesa haitabaki humo angalau maikrosekunde 5000, yaani milisekunde tano, kwa sababu kuingia na kutoka kwenyewe kunakula umeme.

Ni kama mtu mwenye dakika za kupumzika. Akijua ana dakika tano, ataegemea kiti. Akijua ana usiku mzima, atavua viatu, atashusha chandarua na kulala. Kerneli hufanya makadirio hayohayo maelfu ya mara: inaangalia kengele inayofuata, yaani muda ambao programu imeomba kuamshwa, italia lini, kisha inachagua ngazi. Ikiwa kuna kitu kinapiga kengele kila baada ya milisekunde moja, C10 haitachaguliwa kamwe, hata kama kengele hiyo haina kazi yoyote ya maana nyuma yake.

Halafu kuna usingizi wa kiini na usingizi wa prosesa nzima, na hapa ndipo wengi hupotea. Unaweza kuangalia ukaona kila kiini kiko C7 kwa asilimia 95 ya muda, ukaridhika, huku mita inaendelea kumulika vilevile. Viini vikilala, bado kuna kumbukumbu ya pamoja, kidhibiti cha RAM na njia zinazokwenda kwenye kadi na diski. Hivyo vinazimwa pale tu viini vyote vinapolala kwa wakati mmoja, na kila kifaa kilichounganishwa kinapokubali. Programu ya powertop ina ukurasa wa usingizi wenye safu ya pakiti, yaani prosesa nzima, na safu ya viini. Turbostat nayo inaonyesha safu zenye maneno pc2, pc3, pc6 na kuendelea. Tazama safu ya pakiti kwanza. Yangu ilikuwa imeganda kwenye pc2, na chini yake sifuri, sifuri, sifuri.

Wageni wasiolala

Kompyuta ya kawaida ina mfumo mmoja wenye kengele zake. Seva ya mashine pepe ina mifumo mitano au kumi, kila mmoja ukiamini kwamba prosesa ni yake peke yake, na kila mmoja ukijiwekea kengele bila kujua za jirani. Mashine pepe hizo huitwa wageni, na mashine halisi inayozibeba huitwa mwenyeji. Mashine mwenyeji ndiyo inayoamka kwa ajili ya wote. Kengele za wageni hazikutani: huyu anapiga sasa, yule milisekunde mbili baadaye, wa tatu anafuata. Kwa kuwa pakiti inahitaji viini vyote vilale pamoja, vijisauti vidogo vya wageni wengi vinatosha kuukata usingizi vipande vipande.

Linux ilirekebishwa mapema. Mwaka 2007 kerneli yake ilianza kuacha kupiga kengele za mara kwa mara pasipo na kazi, na mwaka huohuo Intel ikatoa powertop ili watu waone ni programu gani zinazoamsha prosesa bure. Mgeni wa Linux aliye mtulivu leo hana usumbufu mkubwa. Windows kwa kawaida hupiga mara 64 kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 15.6, jambo linalovumilika. Lakini programu yoyote ndani yake inaweza kuomba kengele ya milisekunde moja, na ikiomba, kiini kinachomhudumia mgeni huyo hakitafika C10. Kwenye mashine yangu ya hesabu za duka kulikuwa na kivinjari kilichoachwa wazi tangu Jumamosi. Nilipokifunga, idadi ya kuamka kwa sekunde iliyoonyeshwa na powertop ilishuka mbele ya macho yangu.

Jambo la pili limo ndani ya KVM, injini ambayo Proxmox inaitumia kuendesha mashine pepe. Mgeni anaposema hana kazi, KVM haikiachii kiini mara moja. Hukaa macho ikizungukazunguka, ikitarajia kwamba mgeni ataamka sasa hivi, na inaweza kufanya hivyo mpaka maikrosekunde 200. Muda wote huo kiini kiko C0. Kwenye kituo kikubwa cha data hilo lina maana, kwa sababu maelfu ya wateja wanasubiri majibu na kila maikrosekunde inahesabika. Sebuleni kwangu hakuna wa kuzihisi maikrosekunde 200. Thamani hiyo iko kwenye faili /sys/module/kvm/parameters/halt_poll_ns, imeandikwa kwa nanosekunde, hivyo utakuta 200000. Niliandika 0, nikazima mashine pepe na kuziwasha upya. Kusema kweli, kati ya mambo yote ya kubadilisha kwa programu tu, hili ndilo ningependa lifahamike zaidi, kwa sababu halionekani popote kwenye ukurasa wa Proxmox na mtu anaweza kukaa miaka bila kujua lipo.

La tatu ni dogo na la kushangaza. Proxmox humpa kila mgeni kibao cha USB cha kuigiza, ili kipanya kifuate vizuri unapofungua skrini yake. USB ya kuigiza inahitaji kuulizwa mara kwa mara kama kuna kilichosogea, na kuuliza huko ni kuamka. Mgeni anayefunguliwa kwa mistari ya amri peke yake hahitaji kipanya. Nyaraka za Proxmox zenyewe zinashauri kukiondoa ukiwa na wageni wengi wa aina hiyo, na amri ni fupi: qm set 101 --tablet 0, ambapo 101 ni namba ya mgeni. Kwa mgeni mmoja hutaona tofauti. Kwa wageni sita utaiona.

Kisha kuna swali la kama kila mgeni alistahili kuwa mashine pepe. Kichuja matangazo ni programu ndogo mno. Kuipa kerneli yake, RAM yake na saa zake ni kumjengea nyumba mtu aliyehitaji chumba. Niliihamishia kwenye kontena ya LXC, ambayo inatumia kerneli ya mwenyeji moja kwa moja, hivyo hapaongezeki mfumo mwingine wa kuamshana. Wageni waliobaki niliwapunguzia viini pepe. Nilikuwa nimewapa vinne vinne kwa mazoea, na mmoja tu ndiye aliyekuwa anavihitaji.

Usijisumbue kubadilisha mpangilio wa kasi ndani ya mgeni. Mgeni hana mamlaka juu ya prosesa halisi. Uamuzi wote ni wa mwenyeji.

Kamera ni habari nyingine. Mashine inayopokea picha za kamera nne saa zote na kutafuta watu ndani yake haisumbuliwi na kengele, ina kazi kweli. Hapo ushauri wa usingizi haufui dafu. Njia ni kuihamishia kazi ya kusoma video kwenye kipande cha picha kilichomo ndani ya prosesa; Intel wamekuwa nacho tangu kizazi cha Sandy Bridge cha mwaka 2011, na kinafanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya umeme.

Mlango unaoachwa wazi

Nilimaliza wote hao na safu ya pakiti bado ilikuwa pc2. Viini vilikuwa vinalala vizuri kuliko mwanzo, mita ilikuwa imesogea sekunde chache, lakini pakiti ilikataa kushuka. Hapo tatizo mara nyingi haliko kwenye programu, liko kwenye kilichochomekwa.

Kadi zinazungumza na prosesa kupitia njia za PCI Express. Hata pasipo na mazungumzo, njia hubaki wazi mpaka iruhusiwe kusinzia, na ruhusa hiyo inaitwa ASPM. Ili pakiti ishuke, kila njia lazima isinzie. Kadi moja ikikataa, zote zinabaki macho kwa ajili yake. Amri ya lspci -vv, ukiiendesha kama msimamizi, inaonyesha kwa kila kifaa kama ASPM imewashwa au imezimwa. Sababu za kuzimwa ni nyingi: BIOS, programu ya awali ya bodi mama, imeizima, au kerneli inajua kadi ya aina hiyo huyumba ikiruhusiwa kusinzia, au kadi yenyewe haikutengenezwa na uwezo huo. Kadi za zamani za kuunganishia diski nyingi, zilizotolewa kwenye seva kubwa za makampuni, ndizo zinazojulikana sana kwa hili, kwani kwenye seva hizo hakuna aliyejali usingizi. Zinakula wati zake, halafu zinazuia prosesa nzima isilale, na hasara hiyo ya pili inaweza kuizidi ya kwanza.

Mimi nilikuwa na kadi ya aina hiyo ikihudumia diski mbili tu, wakati bodi mama ina nafasi nne za SATA zilizo wazi. Nilizima mashine, nikafungua skrubu mbili za ubavuni, nikaichomoa. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye bati lake la kupozea, na bati lenyewe lilikuwa la moto kiasi cha kuniondoa kidole. Joto lile lote lilikuwa ni tokeni nilizonunua. Nilihamishia nyaya mbili za diski kwenye bodi, nikawasha, nikaingia BIOS kuhakikisha ngazi za C zimeruhusiwa na kikomo cha pakiti hakijabanwa, kisha nikafungua turbostat. Safu ya pc6 ilikuwa na namba kwa mara ya kwanza.

Diski nazo zina njia zake za kusinzia. Kwenye /sys/class/scsi_host kila tundu la SATA lina faili la link_power_management_policy. Thamani ya med_power_with_dipm, iliyoingia Linux 4.15, ndiyo ninayoiamini. Ipo nyingine kali zaidi inayoitwa min_power, lakini kwenye baadhi ya diski imewahi kuharibu data. Kwa picha za wanangu sithubutu.

Kadi ya picha ya michezo nayo iangaliwe. Wengine humkabidhi mgeni mmoja kadi hiyo nzima. Mgeni akizimwa, kadi inabaki bila programu ya kuisimamia, na baadhi ya kadi katika hali hiyo hula umeme mwingi kuliko zikiwa na mgeni aliyetulia. Kama huitumii kila wiki, itoe.

Ipo amri moja inayopendwa sana, powertop --auto-tune, ambayo inawasha mapendekezo yote kwa mkupuo. Inasaidia, lakini naomba uitumie kwa tahadhari. Inavilaza pia vifaa vya USB, na kama una kijiti cha Zigbee kinachoongoza taa, siku moja swichi zitaacha kuitika na hutajua kwa nini. Bora ubadilishe jambo moja, uache siku mbili, ndipo uende kwenye jingine. Mashine isiyolala ni mzigo, lakini mashine inayoganda saa kumi usiku wakati uko safarini ni mbaya zaidi. Prosesa za Ryzen za AMD za kizazi cha kwanza, za mwaka 2017, zilijulikana kwa kuganda hivyo zikiwa zimepumzika, na dawa ikawekwa kwenye BIOS, mahali pa kuchagua kiasi cha umeme wa pawasaplai wakati wa utulivu.

Gavana

Sasa ndipo ninapoweza kumtaja gavana, ambaye kila mtu huanza naye. Gavana ni kanuni ya kerneli inayoamua prosesa iende kasi gani. Kwenye Proxmox mara nyingi utamkuta ni performance. Tazama kwenye /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor. Kuna mtego wa majina. Kwa dereva wa kawaida, powersave maana yake ni kubana kasi ya chini kabisa daima. Kwa intel_pstate, dereva wa prosesa nyingi za Intel, powersave maana yake ni kupanda na kushuka kulingana na kazi, na ndiye gavana wa kawaida wa laptopu. Jina moja, tabia mbili. Ndiyo sababu ushauri wa mtu mmoja unamfaa na unamkwamisha mwingine.

Ukiwa na intel_pstate, au amd_pstate katika hali yake mpya iliyokuja na Linux 6.3, weka powersave, kisha kwenye energy_performance_preference andika balance_power. Kwa madereva ya zamani chagua schedutil. Mabadiliko haya hupotea ukiwasha mashine upya, kwa hiyo yaandike kwenye crontab (orodha ya kazi za kujiendesha) ya msimamizi, mstari wa @reboot. Faida yake ni wati chache, wakati mwingine moja au mbili. Si haba, ila usitarajie makubwa.

Jambo la karibu na hilo lenye faida zaidi ni kuzuia mwendo wa ziada, ule wa turbo, kwa seva yenye kazi ndefu isiyo na haraka. Kwenye turbo volti hupandishwa sana, na tumeona volti inavyozidishwa kwa yenyewe. Kunakili nakala za akiba usiku kwa dakika 40 badala ya 30 hakumdhuru yeyote. Kwa kazi fupi fupi acha turbo: imalize haraka, ilale haraka.

Mashine yenyewe

Kuna wakati programu zimefika mwisho wake. Mtu mwenye seva ya zamani ya kampuni yenye prosesa mbili, feni sita na RAM ya vipande 12 hataokolewa na faili lolote la /sys. Vilevile, Ryzen za mezani zilizotengenezwa kwa vipande vilivyotenganishwa hula zaidi zikiwa zimetulia kuliko zile zenye kipande kimoja na picha ndani yake, kwa sababu kipande cha mawasiliano hakilali sana.

Kariakoo zimejaa kompyuta ndogo za ofisi, zile za ukubwa wa kitabu, zenye prosesa inayoishia na herufi T. Ni chaguo zuri, lakini lisieleweke vibaya. T inamaanisha kikomo cha kazi ya muda mrefu ni wati 35, mara nyingi badala ya 65. Zikiwa zimetulia, T na isiyo T zinalingana. Kinachozifanya ziokoe umeme ni kila kitu kingine: bodi ndogo, hakuna kadi za ziada, BIOS iliyopangwa kwa ajili ya kulala, na pawasaplai ndogo ya nje kama ya laptopu.

Hiyo pawasaplai ina uzito wake. Nembo ya 80 PLUS kwa kawaida hupimwa kwenye asilimia 20, 50 na 100 ya mzigo. Pawasaplai ya wati 750 inayolisha mashine ya wati 30 iko kwenye asilimia 4, mahali ambapo nembo haikuahidi chochote, na kwa kawaida sehemu nzuri ya umeme hugeuka joto humohumo. Na joto la Dar es Salaam usilisahau: kila wati inayoingia kwenye seva hutoka kama joto chumbani, na kama chumba kina kiyoyozi unalipa mara ya pili kulitoa nje.

Baada ya wiki tatu nilirudi mbele ya mita, saa nane za usiku kama mara ya kwanza, kila kitu kimezimwa. Sekunde 72. Wati 50. Tofauti ya wati 40 ni uniti 350 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 120,000 kwenye T1, na kilichonunuliwa ni skrubu mbili zilizofunguliwa na kufungwa. Zilizobaki nazijua ziliko: diski mbili za inchi 3.5 zinazozunguka, pawasaplai kubwa mno, na kamera zinazofanya kazi halali.

Faida nyingine sikuitarajia. UPS yangu ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kwa wati 90 ilikuwa hoi kabla jirani hajamaliza kuuliza kama na kwetu umekatika, kwa kuwa betri ya madini ya risasi ikinyonywa kwa nguvu hutoa chini ya kilichoandikwa. Ikinyonywa taratibu inatoa zaidi, hivyo muda umeongezeka kuliko hesabu ya kugawa inavyoonyesha. Nimeiunganisha kwa USB na programu ya NUT. Umeme ukikatika, mgeni wa Windows anazimwa kwanza, kamera zinafuata, na mashine ya picha inafungwa ya mwisho, betri ikiwa bado ina nguvu ya kuimalizia kuandika.